Vina na Mizani

Mwalimu Mwadime, kidato cha nne,
alituambia shairi ni vina na mizani,
na kwamba asiyejua kuhesabu
awaachie wenzake kalamu.
Sikujua ananitafutia kazi.

Sasa naketi kibandani, langoni pa jaa la Dandora,
na mizani yangu ni bamba la chuma refu kama lori.
Lori lapanda, naandika. Larudi tupu, naandika.
Natoa. Kinachobaki ni Nairobi:
maganda ya ndizi ya Eastleigh, nepi za Donholm,
sukuma iliyokosa mnunuzi Wakulima,
sofa moja ya Lavington, ingali na mto wake.
Tani kumi na moja nukta nne.
Saa mbili kasorobo asubuhi.

Mizani tunayo. Kina ndicho kilichotuishia.
Hapa palikuwa timbo. Watu walichonga mawe ya kujengea mji,
na mji ukalipa deni kwa mifuko.
Shimo likajaa hadi mdomoni, halafu likaendelea,
likawa uwanja, likawa kilima,
na Achola akilipandisha tingatinga lake
anaapa kwamba anaiona Kilimambogo.
Nilimuuliza Injinia Mulandi: kina ni mita ngapi?
Akacheka. "Siku hizi anza na alama ya kutoa."

Mwezi wa tatu walikuja na ramani,
kaunti tano na kalamu moja ya kijani.
Wakachora duara mashariki.
Hapana, akasema mmoja, hapo ndege watagongana na ndege.
Ilinichukua muda kujua
ni wapi wenye manyoya.
Wakachora ng'ambo ya mpaka.
Wenyeji wakaleta barua: mgeni siku mbili,
ya tatu mpe jembe;
huyu wenu anakuja na tingatinga lake mwenyewe
na haagi.
Duara la tatu lilikuwa zuri, kavu, mbali na mto,
ila shamba lilikuwa limenunuliwa wiki iliyotangulia
na mtu aliyeiona ramani kabla ya wino kukauka.

Kerubo alikuwa amesimama mlangoni na gunia lake.
Miaka kumi na tisa anaokota hapa.
"Na sisi," akauliza, "mmetuchora wapi?"
Kalamu ya kijani ikafungwa kifuniko.
Chai ikaletwa.

Usiku nilijaribu, Mwalimu, kama ulivyotufunza:

*Jaa lajaa pomoni, mji wazidi kumwaga,*
*Napima kwenye mizani, lori lashusha laaga,*
*Ramani zote mezani, kila muhuri wataga,*
*Na mimi hapa langoni, naandika tani kumi, kumi na mbili, godoro, vioo, mkate mzima ndani ya karatasi yake, kumi na tatu, na nje foleni imefika barabarani*

Ubeti umefurika. Nisamehe.
Sikupata pa kuupeleka ule mstari.

Mvua ikinyesha mji huongeza uzito.
Kerubo husema nusu ya ninachopima ni maji ya maganda,
kwamba yangebaki Kayole, Lang'ata, Kasarani,
kila mtaa na shimo lake la mboji,
wala pasingekuwa na haja ya kugombania maduara.
Injinia anasema hilo liko kwenye mpango, awamu ya pili.
Ya kwanza ni ua.

Kwenye fomu yangu pana safu iliyochapishwa zamani:
*Kina kilichobaki.*
Kila jioni naiacha wazi.
Juzi Kerubo aliniomba kalamu.
Akaandika pole pole, kwa herufi kubwa,
akivuka mistari:
CHUPA. KILO THELATHINI NA MBILI.
HAZIKUINGIA.